Herufi ya Nne

Holyoke, Massachusetts
9 Oktoba 1958

Mama mdogo Eily mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Walter. Sisi hatujambo, ila Walter ana mafua, na ukimsikia anavyolalamika utadhani mafua yameanzia kwake. Tumehamia vyumba vitatu juu ya duka la fundi viatu. Mama yake Walter ametuletea mtungi mzima wa kabichi iliyochachuliwa, kwa hiyo nyumba yote inanuka Upolandi. Picha ya harusi ninaiweka humu. Huyo aliyefumba macho ni Baba. Usimcheke, alikuwa analia.

Kitambaa cha meza ulichotutumia kila mgeni anakishika na kuuliza kimetoka wapi. Ninajibu kwa maringo kwamba mdogo wake mama yangu amekidarizi kwa mkono wake, kule Ireland.

Sasa jambo lililonifanya nikae kuandika. Wakati wa kuhama nilifungua sanduku la bati la Mama, lile ambalo Baba hakuligusa tangu tumzike. Chini kabisa, chini ya rozari, nimekuta karatasi ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya huko kwenu. Pembe yenye tarehe imekatika. Inasema mtu fulani amefariki humo akiwa na miaka hamsini na miwili, na sababu ni ugonjwa wa viungo kuchezacheza, wa kurithi. Jina la ukoo limeliwa na mkunjo, pamebaki tundu. Jina la kwanza lipo, lakini mwandiko ni wa mtu mwenye haraka: G, o, b, kisha herufi ambayo Walter anasema ni r, kisha e na t. Mimi herufi hiyo ya nne naiona mara r, mara v, mara n. Gobret? Gobvet? Walter anasema ni Robert na karani alikuwa amelewa. Karatasi inamwita "mgonjwa" tu, sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Nilimwonyesha daktari, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Huyu ni nani kwako?" akaniuliza.

"Sijui. Alikuwa kwenye sanduku la mama."

"Basi ujue. Na ujue kabla hujashika mimba."

Akanieleza. Ugonjwa huo unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kila mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuupata. Asiyeurithi hawezi kumpa mtu mwingine. Hauonekani utotoni. Unasubiri mtu afike thelathini na kitu, arobaini, hata hamsini, ndipo anaanza kuangusha vitu na kujikwaa, kisha viungo vinakataa kutulia, kisha akili nayo inakwenda. Dawa hakuna. Kipimo cha kujua mapema hakuna.

Mama alikufa na miaka thelathini na mitano, aliteleza kwenye barafu mbele ya gari, kwa hiyo kwake hatuwezi kusoma lolote. Wewe ndiye pekee ninayeweza kumuuliza. Huyu mtu ni nani? Ni damu yetu? Walter anataka watoto wanne, ameshaanza kuwagombania majina na mama yake, nami ninalala nikiwa nimekunja vidole ili visisogee. Nijibu upesi, tafadhali.

Mwanao,
Debora


Gortnakilla, Kaunti ya Cork
20 Novemba 1958

Mwanangu Debora,

Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Nilianguka uani nikiwafukuza bata bukini, nikaumia kifundo cha mkono, na Con Twomey wa ng'ambo ya kijito amekubali kuniandikia. Anaandika polepole kama mtu anayechonga jiwe. (Ninaandika polepole kwa sababu yeye anasema haraka. C.T.)

Huku hatujambo. Mvua imenyesha wiki tatu, viazi vya shamba la chini vimeoza, lakini ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike na wote wawili wazima. Padri mpya ni kijana na anasali misa upesi, kwa hiyo tunampenda. Picha tumeiona. Walter ana masikio makubwa lakini uso ni wa mtu mwema, na wewe una kidevu cha Siobhán kabisa, mpaka nikalazimika kukaa. Najua huko mlimwita Johanna. Hilo ni jina la karatasi. Huku kila mtu ana jina la karatasi na jina la nyumbani. Hata huyu anayeniandikia, kwenye kitabu cha padri ni Cornelius, na mama yake alimwita Conchúr mpaka anaingia kaburini. (Na Eily ananiita mengine ambayo hayaandikiki. C.T.)

Kitambaa nilikidarizi miaka kumi iliyopita nikakiweka kabatini kikusubiri. Usikifue kwa maji ya moto.

Kuhusu hiyo karatasi, itupe. Siobhán alikuwa mtu wa kuokota kila kitu tangu utotoni, na huenda aliletewa na mtu wa huku aliyetaka asomewe. Jina hilo silijui. Labda Walter amesema kweli na ni Robert. Palikuwa na Robert mmoja, mfanyakazi wa mashamba ya watu, hakuwa na akili sana.

Unataka kujua bibi yako aliitwa nani? Aliitwa Debora. Nenda makaburini kwetu utalisoma kwenye jiwe, herufi kubwa, Debora Lucey. Na wewe ndiye uliyepewa jina lake, maana desturi yetu binti wa kwanza anachukua jina la mama wa mama yake. Siobhán aliifuata desturi hata huko Marekani. Sasa jiangalie kwenye kioo uniambie, wewe ni Gobret? Basi mwambie daktari wako atafute wagonjwa wengine.

Kula vizuri. Vaa soksi za sufu.

Mama yako mdogo,
Eily

(Nimeandika kama nilivyoambiwa. C.T.)


Holyoke
25 Januari 1959

Mama mdogo Eily,

Salamu sana, na salamu kwa Bwana Con, kwa ndama, na kwa padri mwenye haraka. Hapa theluji imefika madirishani. Baba ameacha sigara mara mbili tangu Krismasi. Mama mkwe amesoma barua yako kwa kutafsiriwa na Walter, akataka aelezwe vizuri ile habari ya masikio.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, sikungoja hata kufika mlangoni. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kwa daktari na koti limefungwa vifungo upande. Nikamwambia: "Bibi yangu aliitwa Debora, kama mimi. Huyo wa karatasi si wetu." Akasema kama ni hivyo, hana sababu ya kunizuia.

Basi sikuzuiwa! Mwezi wa tisa utakuwa na mjukuu. Nimekuambia wewe kabla ya Baba. Kama ni msichana ninajua jina lake tayari, maana umenifundisha desturi: mama wa mama yake. Ataitwa Johanna kwenye karatasi, na Siobhán nyumbani.

Karatasi sikuitupa. Usinigombeze. Niliirudisha sandukuni chini ya rozari. Juzi nikiosha vyombo niliangusha sahani, nikasimama pale nikiitazama mikono yangu mpaka maji yakapoa. Walter akasema, "Debi, ni sabuni tu." Ninajua ni sabuni. Nakuandikia hili ili unicheke.

Mkono umepona? Na kwa kuwa Bwana Con ndiye msomaji, nitauliza mbele yake: kwa nini hamkuoana nyinyi wawili? Mama aliwahi kuniambia kwamba alikuja kuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima.

Mwanao mwenye furaha,
Debora


Gortnakilla
14 Februari 1959

Mwanangu Debora,

Tumepata barua yako. Mungu akulinde, wewe na uliyembeba.

Ndama anakua. Con ameezeka upya banda la kuku na sasa linavuja mahali pengine. Mkono bado, ndiyo maana unaendelea kuteseka na mwandiko wake. Kuhusu viatu, vilikuwa vya kaka yake na vilimbana, alitembea kama bata. Swali lako lingine Con amenisomea mara mbili akidhani sikusikia. Nilisikia.

Usibebe ndoo. Usinyanyue mikono juu ya kichwa. Usisimame kwenye baridi. Ukiangusha sahani, okota vipande na uendelee na kazi yako, usisimame kutazama mikono. Umenisikia? Usisimame kutazama.

Humu kuna utepe. Juzi ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wetu, na padri hutoa ile sanamu ya mbao ya zamani ambayo hukaa imefungiwa mwaka mzima. Kila mtu huja na utepe wake akaupima juu ya sanamu, kichwani mpaka miguuni, kisha kuuzungusha. Utepe uliopimwa hivyo unamkinga mtu, na wanawake wenye mimba tangu zamani walijifunga. Huu ni wako, nimeupima mwenyewe. Watu walikuwa foleni nyuma yangu na sikujali. Jifunge tumboni chini ya nguo, usiuvue mpaka mtoto atoke mzima.

Eily

(Tuliposoma habari yako alikaa siku mbili bila kusema neno, hata kwa ng'ombe. Pale kanisani mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa utepe. Hakuniambia niandike haya. C.T.)


Holyoke
15 Machi 1959

Mama mdogo Eily,

Natumaini mu wazima. Baba mzima. Walter mzima.

Utepe niliufunga siku ileile. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuwa natengeneza sketi yangu kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Bi Buckley, mama mzee anayefagia pale, akauona ukining'inia. Aliangusha ufagio.

"We binti! Huo umeutoa wapi?"

"Umetoka Cork. Kwa mdogo wake mama."

"Najua umetoka Cork, mimi ni mtu wa huko! Huo ni utepe wa Gobnait!"

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwomba aniandikie, akasema hajui vizuri kuandika, lakini jina hilo analijua maana mama yake mzazi alikuwa nalo. Akaliandika kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. G, o, b, n.

Nikauliza ni jina la mwanamke?

"La mwanamke, ndiyo! Mtakatifu wetu huyo, alifuga nyuki. Wezi wa ng'ombe walipokuja akawafungulia mizinga, wakakimbia mpaka leo. Kwetu ukitupa jiwe sokoni unampiga Gobnait."

"Mbona hapa sijawahi kumsikia Gobnait hata mmoja?"

Akanicheka. "Nani angeandika hilo kwenye karatasi za Waingereza? Karatasini walibadilishwa. Mama yangu alikuwa Abigail. Lakini ninyi wa upande wa Gortnakilla mlikuwa na padri msomi enzi hizo, alijua Kiebrania. Akasema Gobnait ni mtakatifu wa nyuki, na nyuki kwa Kiebrania ni Debora, basi akina Gobnait wote akawaandika Debora. Na wewe unaitwa nani, mwanangu?"

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye gari la Walter.

Mama mdogo, uliniambia nijitazame kwenye kioo nikuambie kama mimi ni Gobret. Nimejitazama. Ulikuwa unajua. Kila neno uliloandika lilikuwa la kweli na yote kwa pamoja ni uongo. Nilikuuliza swali moja tu katika maisha yangu, nikakuuliza mapema, kabla. Sasa nina mimba ya miezi mitatu na utepe tumboni.

Ni bibi yangu? Nataka uandike mwenyewe. Ndiyo au siyo.

Debora


Holyoke
22 Aprili 1959

Mama mdogo Eily,

Wiki tano zimepita. Postamasta hapa sasa ananitikisia kichwa kabla sijafungua mlango.

Mtoto ameanza kucheza tumboni. Mama mkwe anasema nifurahi. Kila akicheza mimi ninajiuliza ni nani anayecheza.

Mkono ulioumia Novemba haujapona mpaka Aprili? Kifundo cha mkono, miezi mitano? Sikulifikiria hili mpaka juzi, na tangu juzi sijalala. Tafadhali niambie ni bata bukini.

Debora


Gortnakilla
6 Mei 1959

Binti Debora,

Ninaandika kwa niaba yangu mwenyewe, mimi Con Twomey. Salamu kwako na kwa mumeo. Barua zako zote mbili zimefika. Nilimsomea ya kwanza, akaniambia niiweke nyuma ya saa na nisijibu. Nilimsomea ya pili, nikafika kwenye bata bukini, akaniambia, "Acha, Con. Lete kalamu na utoke nje."

Nikasema, "Nitoke nje niende wapi, kunanyesha."

Akasema, "Kanyeshewe."

Imemchukua siku nne. Asubuhi ndipo mkono unatulia kidogo. Mezani amevunja kidau cha wino, usishangae madoa. Hakutaka nisome na sijasoma. Mimi ni mtu wa ng'ombe, sina la kukufariji, ila nakuambia kwamba hapa hayuko peke yake. Nilihamia chumba cha nyuma tangu Februari. Watu waseme wanachotaka kusema.

Yeye ndiye aliyeandika inayofuata.

C. Twomey


Debora

Ni mkono wangu huu. Usicheke.

Herufi ya nne ni n.

Ni Mama. Alipougua Kiingereza chote kilimtoka. Karani akamuuliza jina, akamtajia la nyumbani. Yule akaandika alivyosikia.

Huku tulisema amekufa kwa kifua. Ilibidi. Nyumba yenye ugonjwa huo hakuna anayeoa kwake wala anayeozwa kwake. Alizikwa huko huko hospitalini chini ya namba, na jiwe la kwetu tulilichonga jina la karatasini. Kitabu cha padri kinasema Debora, hospitali inasema lile lingine, na hakuna mtu aliyewahi kuviweka pamoja. Nilijua hilo nilipokuandikia.

Karatasi nilimtumia Siobhán mimi. Alikuwa ameshakwenda Marekani. Nilitaka ajue asiolewe. Akanijibu mstari mmoja, "Usinitumie tena kitu kama hiki." Akaolewa. Ukazaliwa akakuita Debora. Nikajua hakusahau na hakuogopa. Nilimwonea wivu.

Mimi nilimkataa Con mara tatu. Sikumwambia sababu. Nilimwambia ni viatu vyake. Amejua sababu mwaka jana, nilipoanza kumwaga maziwa.

Hapakuwa na bata bukini.

Uliponiuliza nilifikiri hivi. Ugonjwa una nusu tu ya kumpata, lakini hofu itampata mzima mzima. Nimeishi na hofu miaka thelathini na miwili kabla ugonjwa haujafika, nikakosa kila kitu kwa ajili yake. Nikasema huyu asiipate. Sikufikiria mtoto. Ni uongo. Nilimfikiria, nikaandikisha hivyo hivyo.

Ulipoandika una mimba nilitaka kukuambia, sikukuambia. Nikaenda kupima utepe. Ulikuwa unanicheza mkononi watu wakitazama. Sasa kijiji kizima kinajua. Nikautuma nikijua wa kwetu yeyote huko atakutajia jina lake. Labda nilitaka hivyo. Sijui.

Kitu kimoja ninakijua hakika, kishike. Siku Siobhán anaondoka, stesheni, kifungo changu kilikatika. Alinitungia uzi kwenye sindano mara moja, treni inapiga honi. Mkono wake ulitulia kama ukuta. Na alikufa kwa barafu tu. Barafu inaweza kumwangusha mtu yeyote.

Nimechoka.

Eily


Holyoke
24 Mei 1959

Mama mdogo,

Salamu kwako na kwa Bwana Con. Mwambie nimefurahi kwamba yuko chumba cha nyuma, na kwamba barua yake ndiyo iliyonifanya niweze kuifungua yako.

Barua yako imefika Jumanne. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Neno "barafu" uliliandika mara mbili, na nimeona jinsi kalamu ilivyokusumbua kwenye neno hilo. Ndiyo maana siwezi kukuacha nalo.

Hakukuwa na barafu, Mama mdogo. Tazama tarehe niliyoandika juu. Mama alikufa tarehe kama ya leo, Mei, miaka kumi na minane iliyopita. Jua lilikuwa linawaka na miti imechanua. Alikuwa anavuka kwenda kununua mkate na akajikwaa. Hapakuwa na kitu cha kujikwaa. Nilikuwa kwenye ngazi za nyumba, nilimwona. Barafu ni neno ambalo Baba alimwambia padri, padri akawaambia watu, nami nikalisema miaka yote mpaka nikaliandika kwako bila mkono kusita.

Na kuna vikombe. Nilipokuwa na miaka minane Baba aliondoa vikombe vyote vya udongo nyumbani, akanunua vya bati. Mimi nilidhani ni umaskini, niliona haya marafiki wakija. Jana nikamuuliza: "Baba, vile vikombe vya bati." Akavua miwani. Akasema, "Mama yako hakupenda kelele za kuvunjika." Basi. Akanishika mkono, na nikaona anautazama.

Kwa hiyo nilipokuuliza ni nani kwangu yule wa karatasi, mimi pia nilikuwa ninajua kitu na sikukuandikia. Nilipokuuliza mwezi wa kumi, nilitaka unidanganye. Ukanidanganya vizuri sana. Hilo halikuondolei kosa. Sijakusamehe, na sijui nitakusamehe lini, nakuambia wazi ili usije ukadhani vingine utakaponiona mlangoni.

Maana ninakuja. Walter amenikatia tiketi ya ndege ya tarehe 12 Juni. Daktari amekataa, nikamwambia aandike kwenye faili lake kwamba amekataa. Nilimweleza Walter yote, karatasi, utepe, vikombe. Kisha akauliza, "Nusu kwa nusu?" Nikasema ndiyo, nusu kwangu, na nikiwa nao mimi, nusu kwa mtoto. Akasema, "Basi tununue vikombe vya bati mapema." Akatoka nje akapasua kuni ambazo hatuzihitaji, tunatumia gesi.

Ninaogopa. Ninaogopa nikiamka, nikivaa viatu, nikikata vitunguu. Ulitaka hofu isinifike na imenifika, lakini nimeiangalia na ni hofu ya mtu mwenye mume na mtoto tumboni. Wewe ulikaa nayo peke yako mlangoni ukimfukuza mtu mwenye viatu vinavyobana. Sitaki uendelee kukaa nayo peke yako. Nitakulisha kwa kijiko ukitaka na usipotaka. Nitakutungia uzi. Nikishindwa kutunga, tutajua sote wawili kwa pamoja, na Con ataokota sindano.

Utepe bado ninao. Nitakuja nao tuupime tena, padri mwenye haraka atoe sanamu hata kama si sikukuu. Akiuliza ni kwa ajili ya nani, mwambie ni kwa ajili ya Siobhán wa mwezi wa tisa, na wa jina la mtakatifu mwenyewe, watatu: aliyelala chini ya namba huko hospitalini, aliyechongwa kwenye jiwe, na huyu anayekuandikia,

Gobnait